Tuache kuwakaririsha watoto maana ya ziada

Yaani nikiona kipindi cha maana za maneno kimeanza na mwalimu kujaza ubao, "maana ya msingi ni hii, maana ya ziada ni ile" (ya msingi ni kile neno linachotaja, ya ziada ni hisia linazobeba juu yake, kama heshima au utani), alafu watoto wananakili kimya kimya, naumia kweli. Mtoto wa miaka 12 au 13 ataikariri na mtihani atapasi, ila kesho bado ataandika kwenye insha kwamba babu "amekufa" na hataelewa kwa nini msomaji kashtuka.

Mi naanza na hilohilo. Naandika "mbuzi amefariki" alafu nanyamaza. Darasa zima linacheka, na hapo nauliza, mnacheka nini sasa, si kufa na kufariki ni kitu kimoja? Wanaanza kujieleza wenyewe, oh kufariki ni kwa watu, oh kuna heshima ndani yake, yaani walishajua siku nyingi, walichokosa ni jina tu la wanachokijua.

Ila chagueni mifano kwa makini jamani. Wengi tunakimbilia kunuka na kunukia, na mimi nimeutumia sana huo mfano, lakini fungua kamusi uone, kunukia ni kutoa harufu nzuri, uzuri uko kwenye maana ya msingi kabisa, sio ya ziada. Bora mwembamba na kimbaombao, wote wana mwili mdogo, ila mmoja ameelezwa na mwingine ametaniwa.

Kingine ni ile jedwali ya safu mbili, maneno mazuri huku mabaya kule. Siipendi hata kidogo. Neno kama "mjanja" utaliweka wapi? Nawapa sentensi moja tu, "Yule kijana mjanja sana", waisome kwa sauti kama rafiki yake, kama mama yake, kama mtu anayemdai, wenzao wabahatishe nani anaongea. Kuna binti aliisoma taratibu huku anatikisa kichwa, darasa likapiga kelele "anamdai!", akasema hapana, ni mama, amechoka kudanganywa. Wengine wakakataa, eti mama hawezi kumsema mwanae hivyo, wengine wakasema mama ndo anaweza kuliko wote, wakabishana mpaka kengele ikalia na wakatoka nje bado wanaisoma ile sentensi, kila mtu kwa sauti yake.