Kachori ya Ngamiani haiombi ruhusa Mumbai

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kibaraza cha mama mmoja ambaye nimekuwa nikinunua kachori kwake tangu niko shule. Karai lilikuwa limeshapamba moto. Mbele yangu alisimama kijana mmoja nadhifu. Akamwamkia mama shikamoo, akachukua kachori moja, akaimega, akaitazama ndani. Kisha akasema, kwa upole tu: "Mama, lakini hii siyo kachori. Nilimpeleka baba kutibiwa Mumbai, tukakaa miezi miwili. Kachori yenyewe nimeila kule. Ile ni ya unga, na ndani ina dengu."

Mama akacheka kidogo. "Sisi tumefunzwa hivi hivi, mwanangu." Halafu akainamia karai lake, hakusema tena.

Namjua mama huyu miaka mingi, na sijapata kumwona akikionea haya chakula chake. Siku ile alikionea haya, na jambo hilo limenikaa rohoni wiki nzima.

Kijana hakusema uongo. Kachori ya India ni donge la unga wa ngano lililojazwa dengu au choroko zenye viungo, likakaangwa mpaka likavimba na kukauka. Yetu ni kitu kingine kabisa. Viazi vinachemshwa, vinapondwa vikiwa bado vya moto, vinatiwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, bizari kidogo ya manjano, na ndimu, tena ya kutosha. Vinafinyangwa mviringo, vinachovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu, vinaingia kwenye mafuta. Mama huyu hatumii kijiko. Anaizungusha kachori kwenye ncha za vidole vitatu mpaka uji uliozidi udondoke, maana usipodondoka kachori inaota mikia, na mikia inaungua kabla ya mwili kuiva. Mumbai kitu kama hiki wanacho, ila wao wanakiita batata vada, na watu wanakila ndani ya mkate mdogo kama boflo. Yaani jina la chakula kimoja na mwili wa chakula kingine vimekutana huku pwani, vikaoana. Ndoa hiyo ina watoto na wajukuu sasa, nani wa kuivunja?

Chapati nayo ni vivyo hivyo, na kwangu ndiyo inayoeleza zaidi. Ile wanayoiita chapati au roti huko India ni ya unga wa ngano isiyokobolewa, haina mafuta ndani, inachomwa kwenye chuma kikavu na kuliwa kila siku, kama sisi tunavyokula ugali. Sisi tunatumia unga mweupe, tunalisukuma donge, tunalipaka mafuta, tunalikunja na kulizungusha kama konokono, tunaliacha lipumzike, tunalisukuma tena, ndipo tunalikaanga. Hiyo kwa Wahindi ni paratha. Kwa nini sisi tuliiacha ile kavu tukashika hii yenye tabaka? Mimi naamini ni kwa sababu kazi ya kushibisha tumbo kila siku ilikuwa na mwenyewe: ugali, wali, muhogo. Chapati ilipofika ilikuta nafasi iliyo wazi ni ya Idi, ya Krismasi, ya mgeni, ya chai ya asubuhi siku mfuko unaporuhusu. Chakula cha furaha lazima king'ae mafuta. Hapakuwa na makosa hapo. Watu walitazama maisha yao, wakachagua.

Na hapa nina dukuduku. Mgahawa mmoja hapa mjini, sitautaja, unauza "paratha ya Kihindi" kwa bei mara tatu ya chapati ya mama yeyote wa Makorora. Nimeila. Ni chapati. Tena ya mama wa Makorora ina tabaka nyingi zaidi. Tunalipia jina la ng'ambo kitu ambacho mikono ya hapa inakifanya vizuri zaidi, kisha tunarudi kumwambia mwenye mikono hiyo kwamba amekosea.

Anayetaka asili tupu na aanze na ugali. Mahindi, ambayo jina lake lenyewe linaelekeza India, yalitoka Mexico. Muhogo na pilipili kali ni vya Amerika pia, vililetwa upande huu wa dunia katika zama za Wareno. Na Wareno hao hao waliopita pwani yetu mwaka 1498, walipoiteka Goa, pwani ya India, mwaka 1510, walifika na nyama yao ya kulowekwa kwenye divai na kitunguu saumu. Mpishi wa Goa hakuwa na divai. Alikuwa na minazi. Akatumia siki ya tembo la mnazi, akaongeza viungo vyake na ile pilipili ngeni, ikawa vindaloo, mchuzi mkali wa nyama. Leo dunia nzima inaihesabu kuwa ya Kihindi, na ni ya Kihindi kweli. Sisi wa Tanga, tunaojua tembo la mnazi likilala siku mbili linageuka nini, tungemwelewa mpishi yule bila mkalimani.

Wajapani walijifunza kukaanga tempura, samaki na mboga za kuchovya kwenye uji wa unga, kwa Wareno. Kari waliipata kwa Waingereza katika karne ya 19, na Waingereza nao waliitoa India. Wakaifanya nzito, tamu kidogo, ya kumiminwa juu ya wali, na mpaka leo wanamaji wao huila kila Ijumaa. Uingereza kwenyewe, mwaka 2001, Robin Cook akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alisimama akasema kuku wa tikka masala, mchuzi wenye asili ya Kihindi, ni chakula cha taifa la Waingereza. Waziri! Sisi bado tunamwinamisha mama kichwa juu ya kachori.

Sisemi kila badiliko ni la heri. Wapo sasa wanaochanganya unga wa ngano kwenye uji wa kachori kwa sababu dengu ni ghali, ganda linakuwa kama andazi lililochacha. Wapo wanaopika pilau kwa viungo vya pakiti vilivyokwishapoteza harufu, na hiliki inalimwa hapo juu Amani, mwendo wa saa chache tu. Huko si kubadilisha, ni kumpunja mlaji. Aliyeanza kuzungusha viazi kwenye dengu alikuwa anatafuta ladha. Anayetia ngano anatafuta nafuu, na ulimi wa mlaji unajua.

Jumatano nilirudi kibarazani. Nilimkuta peke yake, viazi bado havijapondwa, nikakaa kwenye benchi nikamweleza habari za batata vada, kwamba viazi na dengu vimeoana hata huko Mumbai, jina tu ndilo tofauti. Alinisikiliza huku anamenya.

"Kumbe wanayo."

"Wanayo, mama. Wanaila na mkate."

"Na chatini?"

"Ipo ya kavu. Kitunguu saumu, pilipili nyekundu, na nazi."

Kisu kikasimama. "Nazi kavu? Haitiwi maji?"

"Haitiwi. Wanaikaanga kidogo bila mafuta, kisha wanaitwanga, wanainyunyiza."

Alinyamaza kidogo, akakitazama kibakuli chake cha chatini ya nazi, ile yetu laini, nyeupe, yenye ndimu. Akakimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akaniambia nipite Jumamosi. Ataikaanga nazi kidogo aone, ila ndimu, alisema, hawezi kuiacha.