Hataza Moja, Nchi 18: Unafuu wa Mvumbuzi na Hofu ya Mshindani

Watu wengi wakisikia jina la Ofisi ya Hataza ya Ulaya hudhani ni idara ya Umoja wa Ulaya inayopokea amri kutoka Brussels. Sivyo. Ofisi hiyo, inayotoa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ina makao makuu Munich, Ujerumani, imezaliwa na mkataba uliotiwa saini mjini humo Oktoba 1973, na leo ina nchi wanachama 39. Uturuki, Uswisi na Uingereza zimo, ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Anayepuuza tofauti hii hataelewa kwa nini Wazungu wamebishana nusu karne juu ya jambo linaloonekana dogo: mtu akishapewa hataza, inamlinda wapi, na anayetaka kuipinga aende wapi.

Utaratibu wa kuomba wenyewe hauna utata mwingi. Ombi linaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, mradi ndani ya miezi 2 lifasiriwe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Wachunguzi hupekua machapisho ya dunia nzima kuona kama jambo hilo limeshajulikana. Miezi 18 ikipita, ombi huchapishwa na kila mtu anaweza kulisoma. Kisha jopo la wachunguzi 3 huamua kama uvumbuzi ni mpya, kama fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeufikia bila kuumiza kichwa, na kama unatumika viwandani. Kanuni za hisabati zenyewe, ugunduzi wa kitu kilichokuwepo tayari, na njia za kumtibu mgonjwa havipewi hataza. Ikitolewa, hudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, ilimradi ada za kila mwaka zilipwe.

Tabu ilianzia pale penye furaha, siku ya kupewa. Hataza ya Ulaya ilivunjika papo hapo ikawa fungu la hataza za kitaifa. Ukitaka ikulinde Italia, uisajili Italia, ulipe ada Italia, pengine ufasiri kurasa zote kwa Kitaliano. Ugiriki hali kadhalika. Makubaliano ya London, yaliyoanza kutumika 2008, yalipunguza mzigo wa tafsiri bila kuumaliza. Wengi waliishia kuchagua nchi tatu au nne zenye soko kubwa na kuziacha nyingine.

Na wakigombana? Kila nchi na hakimu wake. Kesi inayotajwa hadi leo ni ya Epilady, mashine ya kung'oa vinyweleo kwa springi inayozunguka. Kampuni ya Remington ilitoa yake yenye fimbo ya mpira iliyochanjwa mikato badala ya springi. Mahakama ya Uingereza ikasema hataza haijavunjwa, kwa kuwa mpira si springi. Mahakama za Ujerumani zikasema imevunjwa, kwa kuwa kazi ni ileile. Hataza moja, maneno yaleyale, mashine ileile, na majibu mawili yanayopingana. Anayetetea mfumo wa zamani kwa kusema ulilinda uhuru wa kila nchi inabidi kwanza aieleze kesi hiyo.

Jibu lilikuja Juni 1, 2023. Tangu siku hiyo, anayepewa hataza Munich ana mwezi mmoja wa kuomba igeuzwe kuwa hataza ya umoja, yaani haki moja isiyogawanyika. Wakati huohuo ilifunguliwa Mahakama ya Pamoja ya Hataza, yenye matawi katika miji kadhaa na ngazi ya rufaa Luxembourg. Zilianza nchi 17, Romania ikajiunga Septemba 2024, zikawa 18. Ada za kuihuisha kwa miaka 10 ya kwanza hazifiki euro 5,000 kwa eneo lote. Kwa chuo kikuu, au kampuni ya watu kumi yenye kifaa kimoja kizuri, hii ni nafuu ya kweli. Zamani pesa hiyo isingetosha kumlinda hata katika nusu ya nchi hizo.

Hispania ilikataa. Hoja yake ilikuwa lugha: kwa nini kampuni ya Sevilla ishitakiwe kwa karatasi iliyoandikwa Kijerumani? Ilikwenda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na kushindwa Mei 2015. Poland na Kroatia nazo ziko nje. Uingereza iliridhia mkataba wa Mahakama ya Pamoja 2018, ikajiondoa 2020 baada ya Brexit. Binafsi naona hoja ya Hispania ilibezwa mapema mno kama ubishi wa fahari ya taifa. Hataza si cheti cha mwenyewe tu. Inawakataza watu wengine wote kufanya jambo fulani, na anayekatazwa ana haki ya kuelewa alichokatazwa.

Upande wa pili wa mizani unaonekana vizuri zaidi katika kesi ya kwanza iliyotikisa mahakama hiyo mpya. Kampuni mbili za Marekani, 10x Genomics na NanoString, zilikuwa zikigombea teknolojia ya kuonyesha molekuli za RNA ndani ya seli. 10x ilikuwa na hataza ya umoja iliyotolewa Juni 2023. Septemba 19 mwaka huohuo, tawi la Munich likatoa zuio la muda: NanoString isiuze mashine yake katika nchi zote 17. Mapema Februari 2024 NanoString ikaomba ulinzi wa kisheria dhidi ya wadai wake. Tarehe 26 ya mwezi huo Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio, ikisema uwezekano mkubwa ni kwamba hataza yenyewe haikustahili kutolewa.

Si haki kusema Munich ndiyo iliyoiangusha. Kampuni hiyo ilikuwa imepigwa pia mahakamani Marekani, na kwa fedha nyingi. Lakini mfano umebaki. Chini ya mfumo wa zamani, hakimu mmoja akikosea, bidhaa inaondoka Ujerumani na kuendelea kuuzwa Ufaransa. Sasa kosa moja linafunga soko la nchi 18 kwa siku moja, na rufaa ikija baada ya miezi mitano, mteja ameshanunua kwa mwingine. Wanaosema mahakama moja inaleta uhakika wana haki. Tatizo ni kwamba uhakika huo unamsaidia mwenye hataza nzuri na mwenye hataza mbovu sawasawa.

Kwa hiyo swali linarudi kwa wachunguzi 3 wa Munich. Wao na wenzao wanapokea maombi karibu 200,000 kwa mwaka. Ofisi yao haitegemei kodi ya wananchi, hujiendesha kwa ada, na sehemu nzuri ya ada hizo hutokana na hataza zilizokwisha kutolewa: inapohuishwa hataza, nusu ya malipo huenda kwenye ofisi hiyo na nusu kwa nchi wanachama. Sisemi kuna mchunguzi anayepitisha ombi kwa tamaa. Nasema hakuna katika mpangilio huo anayepata hasara kwa kupitisha mengi. Hata baadhi ya makampuni makubwa yanayoitumia sana ofisi hiyo yameungana kulalamikia ubora wa uchunguzi, na hao si watu wa kuchukia hataza.

Dawa ya hataza mbovu ipo, na ni nzuri: kwa miezi 9 baada ya kutolewa, mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi bila kuthibitisha kwamba ameumizwa. Ndivyo ulivyookolewa mwarobaini. Mwaka 1994 ofisi ilizipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mti huo dhidi ya ukungu wa mimea, jambo ambalo wakulima wa India walikuwa wakilifanya. Vandana Shiva, mwanaharakati wa India, wabunge wa Ulaya wa chama cha Kijani na shirikisho la kilimo-hai wakapinga. Hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa 2005. Ushindi, ndiyo, lakini uliochukua zaidi ya miaka 10 tangu hataza itolewe.

Ada ya pingamizi Munich haifiki euro 1,000. Mahakama ya Pamoja ilipofunguliwa, ada ya kuiomba ifute hataza ilikuwa euro 20,000, mbali na mawakili. Miezi 9 ikipita, chama cha wakulima au cha wagonjwa hakina njia nyingine ya bei hiyo. Mimi naikubali hataza ya umoja. Fungu la zamani lilikuwa upotevu wa fedha. Ila haki iliyotanuliwa kutoka nchi nne hadi 18 kwa saini moja ilipaswa kuja na dirisha refu zaidi la pingamizi, na wachunguzi wenye muda zaidi kwa kila faili. Haikuja na kimojawapo.

Kwa kulinganisha, ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu lenye makao Harare, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama wake, huipa kila nchi iliyotajwa katika ombi miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Njia hiyo ina usumbufu wake, lakini mlango wa nchi kukataa haujafungwa.

Ulaya, mlango wa kukataa umeachiwa wenye hataza. Katika kipindi cha mpito cha miaka 7, kinachoweza kuongezwa miaka mingine 7, mwenye hataza ya kawaida, isiyo ya umoja, anaruhusiwa kuiondoa chini ya mamlaka ya Mahakama ya Pamoja, asije akaipoteza kila mahali kwa hukumu moja. Zimeondolewa hivyo hataza mamia ya maelfu, na kampuni za dawa zilikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo kwa wingi. Waliokuwa na cha kupoteza walikwepa hatari hiyohiyo ambayo mshindani wao hana namna ya kuikwepa. Mkataba wa mahakama hiyo unataka mwaka wa tano, yaani 2028, ufanyike mashauriano mapana kabla ya kuamua kama kipindi hicho kiongezwe, na unawataja wa kuulizwa: watumiaji wa mfumo wa hataza.