Na anayeuguza naye aulizwe

Tukikutana watu wa Mwanza huku Uingereza, haipiti saa bila mmoja kusema: wazungu wanawatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee, sisi wetu tunawatunza wenyewe. Mimi hilo nimechoka kulisikia.

"Sisi" hapo ni nani? Kwetu Mabatini, tangu mama apate kiharusi, anayemtunza ni dada yangu. Nyumba iko juu kwenye mawe, kiti cha magurudumu kinaishia barabarani. Siku ya kliniki vijana wa bodaboda wanampokezana mama mgongoni hadi chini, dada yuko nyuma yao na mfuko wa dawa, kanga ya kubadilisha na chupa ya uji. Cherehani iliyokuwa inamlisha ameifunika shuka. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, wanaoshukuriwa ni sisi tunaotuma hela.

Huku England kuna sheria ya mwaka 2014 inayoilazimu halmashauri kumfanyia tathmini mtu mzima anayehitaji msaada, na anayemuuguza naye ana haki ya tathmini yake mwenyewe. Unalala? Kazi yako imekuwaje? Unataka kuendelea au umeelemewa? Hata mtoto anayemhudumia mzazi mgonjwa huulizwa. Ipo na posho kwa anayeuguza kuanzia saa 35 kwa wiki. Dada yangu saa hizo anazimaliza Jumatano.

Si peponi, msidanganyike. Foleni ya tathmini ni ndefu, mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 anajigharamia, na wengi wetu viza zinasema wazi kwamba fedha za umma hazituhusu. Tunaogesha wazazi wa watu, posho hatuigusi. Na jirani wa kukupitishia sato wa jioni usimtegemee.

Nyumbani nako hatukukosa sheria: ipo ya Mtoto ya 2009, ipo ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na maafisa ustawi wa jamii wapo. Unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, unapewa barua, unakwenda nayo ustawi. Dada alikwenda, akapokelewa vizuri tu. Akaulizwa umri wa mama, ugonjwa, kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama mama ana kitambulisho cha matibabu ya wazee. Kuhusu yeye mwenyewe, hata jina lilichukuliwa kama la aliyeleta barua.

Kumuuliza anayeuguza hakuhitaji bajeti. Ni mistari mitatu kwenye fomu. Mlio na mgonjwa ndani, mkienda ustawi semeni nani anamuuguza na ameacha kazi gani, mkazane iandikwe.

Kwenye ukoo nimependekeza tumlipe mtu wa kumpumzisha dada siku mbili kwa wiki. Mpaka sasa amejibu shangazi mmoja tu, anauliza hela itatoka kwa nani.