Bahasha ya Kwaresima si mchango

Majivu hayajafutika kwenye paji la uso, ujumbe umeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya Kikatoliki: "Wapendwa, kila kaya 20,000 ya Kwaresima. Mwisho Jumapili ya Matawi. Majina yatasomwa." Basi. Hakuna neno juu ya kufunga, wala juu ya Ijumaa, wala juu ya mama wa nyumba ya tatu ambaye ghala lake limebaki vumbi. Badilisha neno moja na ujumbe huo huo utafaa kwa harusi, kwa paa la kigango au kwa jubilei ya paroko.

Huo ndio ugonjwa wa Kwaresima zetu hapa Dodoma, na hauponi kwa kupandisha wala kushusha kiwango. Sadaka ya Kwaresima haitoki kwenye mshahara wala kwenye mkopo wa kikoba. Inatoka kwenye sufuria. Ni kile ambacho nyumba ingekula ikaacha, kikapimwa, kikapelekwa kwa asiye nacho. Ukikata uzi huo unabaki na vitu viwili visivyojuana: njaa ya saa chache isiyomfaa mtu yeyote, na deni linalolipwa asubuhi ya Matawi kwa kukopa.

Na tusiambiwe kwamba kufunga ni siri ya mtu na Mungu wake. Jumatano ya Majivu tunasomewa nabii Yoeli na Injili ya Mathayo katika Misa moja. Mathayo 6 anatukataza kujionyesha, ni kweli. Lakini kabla yake amesomwa Yoeli: tarumbeta ipigwe Sayuni, watu wakusanywe, wazee, watoto, hata wanaonyonya, na bwana arusi atoke chumbani mwake. Anayekatazwa ni mwenye kufunga ili asifiwe. Kufunga pamoja kumeamriwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, uliliweka wazi mwaka 1963 katika hati ya liturujia, namba 110: toba ya Kwaresima isiwe ya ndani na ya mtu binafsi tu, iwe pia ya nje na ya kijamii. Siku mbili baadaye, Ijumaa ya kwanza kabisa ya kuacha nyama, somo ni Isaya 58, saumu ya kumgawia mwenye njaa mkate wako. Kanisa limetupangia hesabu yote ndani ya siku tatu, sisi tunaruka hadi kwenye kiasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwaresima ina Ijumaa saba ukihesabu na Ijumaa Kuu. Ongeza Jumatano ya Majivu, ni siku nane bila nyama. Chukua nyumba ya watu sita ambayo Ijumaa ingepika nusu kilo ya nyama. Nyama, mafuta na nyanya, tuseme 7,500. Badala yake wanapika mlenda wenye karanga za kutwanga, tuseme 2,000. Zimebaki 5,500. Hizo ndizo za maskini, wala si zaidi wala si pungufu. Mara nane ni 44,000. Jumuiya yenye kaya kumi za namna hiyo inafikisha 440,000, na kama debe la mahindi sokoni ni 15,000, hizo ni debe 29, karibu gunia tano. Jumuiya moja! Na hakuna aliyekopa, hakuna aliyesomwa jina.

Inapoharibika, huharibika mahali palepale kila mwaka. Kwanza, fedha haiwekwi pembeni siku ile ile. Mama anasema nitatoa mwisho wa mwezi, na kufikia mwisho wa mwezi 5,500 imekuwa nauli ya bodaboda na vocha. Kopo likae jikoni, fedha iingie kabla sufuria haijateremshwa, mtoto ndiye aidumbukize huku wengine wakimtazama. Mtoto aliyeidumbukiza mara nane anajua Kwaresima ni nini kuliko aliyefundishwa darasa zima la komunyo ya kwanza. Pili, samaki. Nyumba inaacha nyama ya 6,000 na kununua sato wa 12,000. Sheria haijavunjwa, samaki anaruhusiwa, lakini kopo liko tupu na maskini amepoteza. Kama ni samaki, basi dagaa, au perege wadogo wa Mtera, na tofauti ya bei iende koponi. Tatu, jambo linaloudhi kuliko yote: fedha za njaa kuingizwa kwenye mfuko mmoja na za ujenzi, halafu Aprili hakuna anayeweza kuonyesha debe lilikwenda nyumba ipi. Mtunza hazina awe na daftari la peke yake, na atakaye kukopesha mfuko huo hata kwa wiki moja aambiwe hapana.

Mtasema parokia nayo ina mahitaji, paa linavuja, gari la paroko limechoka. Sawa. Yapo majira mengine ya mwaka ya kuchangia hayo. Na agizo la Kwaresima likitoka jimboni, litimizwe lote. Lakini litimizwe kutoka kwenye kopo.

Sasa, nyumba zisizokula nyama Ijumaa wala Jumapili? Hapa ndipo kiwango cha 20,000 kinapokuwa dhuluma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na uwele na mtama unavunwa Mei na Juni. Kwa hiyo Kwaresima katika nchi ya Wagogo inaangukia miezi ile ile ambayo ghala limeisha na shamba bado halijatoa. Wapo jirani zetu ambao tayari wanakula mara moja kwa siku, na mlo huo ni uji. Kumdai huyo bahasha ni kumchukulia mwenye njaa chakula chake, kinyume kabisa cha Isaya. Yeye ndiye anayestahili kupokea, na apelekewe kila wiki. Gunia linalosubiri Pasaka limemchelewesha siku arobaini.

Lakini hata yeye hapaswi kuwa mpokeaji tu, maana kumnyima mtu nafasi ya kutoa ni kumdharau. Kitu anachoweza kutoa ni mikono, na majira haya ni ya palizi. Watu kumi na wawili wenye majembe wakiingia shambani saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, kufikia saa sita ekari moja ya mtama imekwisha, mradi magugu hayajapita kifundo cha mguu. Waanze na shamba la mjane, mgonjwa, au mzee anayelea wajukuu. Na kama shambani kuna kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'olewe kabla maua yake hayajafunguka, kichomwe nje ya shamba. Kikishatoa mbegu, hiyo palizi imepanda njaa ya miaka ijayo. Mwenye gari na mwenye jembe la kuazima wakilima mstari mmoja, hapo Kwaresima imefika.

Kuhusu kufunga chakula, turudie kanuni kwa sababu kila mwaka kuna mtu anazirai. Kuacha nyama kunaanza miaka 14. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo visivyofikia mlo, ni kwa wenye miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60, na sheria ya kanisa zima inadai Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu. Maji hayakatazwi, na Dodoma yenye jua hili msiache kunywa. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo na wanaomeza dawa za kila siku wasilazimishwe, na mwenyekiti wa jumuiya asiwaulize kwa sauti mbele za watu kwa nini wamekula.

Njia ya Msalaba nayo inahitaji saa. Vituo kumi na vinne, dakika nne kila kimoja, haifiki saa nzima. Anayeongeza mahubiri kila kituo anaifanya saa mbili, wazee wanashindwa kupiga magoti, na vijana hawarudi wiki ijayo. Ianze saa kumi na nusu jioni, ipite nyumba kwa nyumba, ianze na ile ambayo haijatembelewa tangu Krismasi. Kanisa Kuu letu limewekwa chini ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti, wamisionari waliohudumu katika ardhi hii. Watu wa jimbo hili hatuna udhuru wa kuiburuza ibada hii.

Waislamu wanatuaibisha, tuseme ukweli. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Mwaka 2026 mifungo yote miwili ilianza karibu siku moja, Februari 18. Mtaa mzima unajua ni saa ngapi jirani yetu anafuturu, na sahani ya futari inavuka ua bila kuuliza dini. Sisi tunafunga kila mmoja jikoni kwake, halafu tunashangaa watoto wetu hawaoni tofauti kati ya Machi na Agosti.

Wiki ya mwisho ifanywe hivi. Mapato ya Ijumaa zilizotangulia yameshakwenda kwa wenye njaa, wiki kwa wiki. Akiba ya wiki hiyo isiletwe Jumapili ya Matawi. Ifikishwe jioni ya Alhamisi Kuu, katika Misa ya Karamu ya Bwana, kwa sababu Misale yenyewe, kitabu cha sala za Misa, inatoa nafasi hapo: waamini waandamane na zawadi kwa ajili ya maskini pamoja na mkate na divai. Kila jumuiya na debe lake, unga, maharage, mafuta ya kula, chumvi, vimefungwa vizuri ili visimwagike sakafuni. Wabebaji wawe watoto na waliolima. Baada ya Misa na baada ya Ekaristi kuhamishwa, wajumbe wawili wa jumuiya wabaki, wagawe kwa orodha iliyokwisha kukubaliwa, na kila kifurushi kifike mlangoni kabla ya asubuhi ya Ijumaa Kuu, maana siku hiyo wengi hawatapika, na yule mama wa nyumba ya tatu asiwe anafunga kwa kukosa.