Ufunguo Uachwe Kaunta Kabla ya Filimbi

Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, huchezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Hakuna anayelazimika kuwasha chombo hapa kwetu ili aione. Lakini pita Mwanjelwa, Soweto au Mafiati siku ya mechi hiyo, uangalie nje ya baa yoyote yenye skrini kubwa. Pikipiki zimebanana mpaka kwenye mfereji, bajaji zimeziba njia ya waenda kwa miguu, na Noah mbili tatu zimepandishwa juu ya kingo. Siku moja, nikisubiri mechi ianze, nilizihesabu kwenye baa moja: pikipiki 17, bajaji 6, magari 9. Ndani hatukuzidi watu mia. Karibu kila mtu wa tatu alikuwa amekuja na chombo chake, na sikuona meza isiyo na chupa.

Kila baada ya mechi kubwa mjadala wa ulevi na usukani hurudi vijiweni. Wapo wanaosema polisi waweke vipima ulevi barabarani, baa zifungwe mapema siku za mechi, na anayekamatwa apelekwe mahakamani bila kubembelezwa. Wapo wanaosema mpira na bia vimezoeana, huwezi kuvitenganisha kwa kirungu, kwa hiyo tutafute namna ya kumfikisha shabiki nyumbani. Mimi niko karibu na hawa wa pili. Ila wenzangu wengi wa upande huu hupuuza hoja za wale wa kwanza, na hapo wanakosea.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zisivuke 50. Kikomo chetu ni cha ukarimu, na bado watu wanakiruka kila Jumamosi. Kwamba kipimo kinaweza kubadili tabia, hilo limeshaonekana. Desemba 1982 jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza kusimamisha madereva bila kuchagua, anayeyumba na asiyeyumba, wote wapulize. Vifo vya barabarani vilivyohusiana na pombe vilishuka. Kilichowabadilisha watu zaidi ni kujua kwamba usiku wowote, kwenye kona yoyote, unaweza kukutana na kipimo. Ukubwa wa adhabu ulikuja nyuma ya hilo.

Na anayedai Mtanzania habadilishwi na amri akumbuke viroba. Machi 1, 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki. Kabla ya hapo kijana wa bodaboda aliweza kutia viwili kwenye mfuko wa koti kama pipi, akanyonya kimoja huku injini inaunguruma. Ni kweli vichupa vidogo vilikuja baadaye kuziba pengo. Lakini ule urahisi wa kunyonya na kutupa uliondoka, na uliondolewa na amri.

Tatizo la kipima ulevi huku kwetu ni mahali kinapokaa na saa kinapofanya kazi. Mechi za Ligi Kuu pale Uwanja wa Sokoine, Mbeya, mara nyingi huanza saa 10 jioni na kwisha giza likikaribia, na wengi ndipo wanapoanza kunywa, aliyeshinda kwa furaha na aliyefungwa kwa machungu. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huisha saa 6 au hata saa 7 usiku, daladala zikiwa zimeshalala. Saa hizo barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inabaki na malori ya Tunduma na shabiki anayerudi kwake. Tena wa pikipiki haihitaji TANZAM. Anapita vichochoro vya Ilomba na Simike, na kabla hajatoka ameshasoma kwenye kundi la WhatsApp kwamba wazee, yaani trafiki, wako Sae leo. Anayenaswa kwenye kizuizi cha barabara kuu mara nyingi ni mgeni asiyejua njia za panya.

Kufunga baa mapema silikubali kabisa. Utawatoa watu wote kwa mkupuo mmoja, wengine wakiwa na chupa za kubeba, na waliobaki na kiu watahamia kwenye vilabu vya komoni ambako hakuna anayetazama saa.

Mara nyingine tunatajiwa Marekani kama mfano. Huko viwanja vingi vya mpira wao wa miguu huacha kuuza bia robo ya tatu ikiisha, na kwenye besiboli desturi ilikuwa kufunga kaunta baada ya ingizo la saba kati ya tisa. Mwaka 2023 sheria mpya zilipofupisha mechi za besiboli, baadhi ya klabu zilisogeza mauzo mpaka ingizo la nane, na zikalaumiwa, kwa sababu shabiki alipunguziwa muda wa kutulia kabla ya kushika usukani. Utaratibu huo unafaa pale bia inapouzwa uwanjani. Kwetu bia iko baa, na baa haina robo ya tatu. Lakini wazo lililo ndani yake, kwamba kilevi kinadai muda, ndilo linalotusumbua kuliko yote, na ndilo tunalolijua kidogo kuliko yote.

Tupige hesabu, kwa makadirio ya kawaida. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo inapandisha kipimo cha damu kwa miligramu 40 hivi. Mwili unaondoa kama 15 kwa saa, na hauna haraka. Maana yake chupa mbili za fasta kipindi cha kwanza zinakufikisha kwenye kikomo kabla ya mapumziko. Mwanamke, au mwanamume mwembamba, anafika mapema zaidi. Sasa chukua aliyekunywa sita kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 6 usiku. Anapoinuka ana karibu 170, mara mbili ya kikomo. Akilala na kuamka saa 12 asubuhi kuwahi kazini, bado ana karibu 80. Ameoga, amepiga mswaki, amekunywa supu ya utumbo yenye pilipili, anajisikia mzima kabisa, na kisheria yuko palepale ukingoni. Supu haitoi kilevi kwenye damu, wala kahawa, wala maji baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni.

Hapo nimezungumzia bia yenye lebo. Iringa na Njombe, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, hakuna lebo. Ulanzi mtogwa wa leo ni mtamu, anakunywa hata bibi. Ukilala siku moja mbili ni mkangafu, yaani mkali, na kopo ni lile lile. Shabiki aliyetoka Uwanja wa Samora akapitia kilabuni hawezi kusema amekunywa kiasi gani hata akitaka kusema kweli, na pengine mbele yake kuna ule mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo, anakokutana na mabasi na malori.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mji mzima ulivaa zambarau. Jioni moja ya ushindi tulitoka Soweto kwenda Mbalizi, watu wanane ndani ya Noah, saa 4 usiku. Aliyeendesha alikuwa rafiki yetu, mwenye gari, dereva mzuri siku nyingine zote. Mmoja wetu alimuuliza kama yuko sawa. Akajibu, "Niko fiti, kaka, nimechangamka tu." Tukaridhika, tukaendelea kuimba.

Kwenye mteremko wa Iwambi kulikuwa na lori limeharibika, halina taa, limesimama upande wetu. Wenyewe walikuwa wameweka majani mabichi barabarani, kama kila dereva wa nchi hii anavyojua. Sisi wa nyuma tuliyaona majani, tukajua kuna kitu mbele. Yeye pia aliyaona. Baadaye alituambia alidhani ni matawi yaliyodondoka kwenye gari la kuni. Alikwepa tukiwa tumeshalifikia tela, tukaingia mtaroni. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono sehemu mbili, na mpaka leo haunyooki. Nilichokibeba mimi ni harufu ya majani yale yaliyopondwa na matairi, mabichi kama ya shamba lililofyekwa muda si mrefu.

Nimerudia usiku ule kichwani mara nyingi, na kila mara narudi kwenye saa 12 na nusu jioni. Ufunguo wa gari ulikuwa juu ya meza, kando ya sahani ya kitimoto. Alikuwa hajamaliza chupa ya kwanza. Ningeuchukua na kumwambia tutapanda bajaji, angecheka na kukubali. Saa 4 nisingeweza. Saa 4 hata mimi nilikuwa namwamini.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: uamuzi wa nani atashika usukani ufanyike kabla ya chupa ya kwanza, na ufanyike pale pale baa, kwa sababu kizuizi cha trafiki kilomita tano mbele kinamkuta mtu aliyekwisha kuamua. Nimeona inavyowezekana. Mama mmoja mwenye baa huku kwetu amepigilia ubao wenye misumari nyuma ya kaunta, kila msumari una namba. Siku ya mechi, mteja aliyekuja na chombo anapoagiza ya kwanza, mhudumu anaomba ufunguo. Anapewa kikaratasi chenye namba. Chombo kinalala uani, kuna mlinzi. Filimbi ya mwisho ikilia, bajaji tatu za kijiwe cha jirani zinakuwa getini, na madereva wake anawafahamu kwa sura na kwa majina. Niliwahi kumsikia akimjibu mteja aliyeng'ang'ania: "Mwanangu, ungenidai ufunguo ukiwa na soda ningekupa. Sasa hivi nenda kalale." Yule bwana alinung'unika, akamwita mama, akaondoka na bajaji.

Wanaopinga wanasema baa itapoteza wateja. Sidhani. Nauli ya bajaji ya kukodi usiku ni kama bei ya bia mbili tatu, na mteja asiyeogopa kurudi hukaa mpaka mwisho wa mechi. Wanasema pia chombo kitaibiwa. Hilo ni la haki, na baa isiyo na ua wala mlinzi isijaribu kupokea funguo za watu.

Pingamizi linaloninyima jibu rahisi ni la kijana wa bodaboda. Pikipiki si yake, ni ya bosi, na hesabu ya leo inatakiwa leo. Akiiacha kaunta, kesho alfajiri hana kazi, na bosi hatasikiliza habari za msumari namba tisa. Huyu ndiye anayekunywa mbili huku anasubiri wengine walewe awapeleke. Yaani chombo tunachomkimbilia mlevi ili afike salama nacho kinaweza kuwa na mlevi mbele, kwenye magurudumu mawili, wakati mizani ya mwili ni kati ya vitu vya mwanzo kuharibiwa na pombe. Kumhubiria kuhusu uwajibikaji hakutasaidia. Anayeweza kumzuia ni kijiwe chake. Mwenyekiti wa kijiwe anajua nani kanywa, na akimwondoa kwenye foleni usiku huo kijana atasikia kuliko angeambiwa na afande. Vijiwe vingine vinafanya hivyo tayari kwa anayempora abiria au kuvaa vibaya. Ulevi wa siku ya mechi uingie kwenye orodha hiyo hiyo.

Na hapa ndipo namhitaji trafiki, kwa moyo wote. Bila yeye misumari ya mama itabaki pambo. Ila asogee. Askari wawili wenye kipima ulevi, wamesimama mtaa wenye baa nyingi tangu dakika ya 80, wanaonekana na kila anayetoka, watawarudisha watu ndani kutafuta bajaji. Mteja akijua yuko askari nje, ufunguo anautoa mwenyewe saa 12 na nusu. Tena wapulize wote, wa V8 na wa pikipiki, kwa zamu isiyochagua sura, la sivyo mtaa utasema ni mradi wa mtu wa kukusanya vya chini ya meza, na utakuwa na haki ya kusema hivyo.

AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Wengi wetu Nyanda za Juu Kusini tutaitazama kwenye skrini za baa na vibanda umiza, usiku, wiki kadhaa mfululizo. Nasikia mengi kuhusu viwanja na hoteli, lakini kuhusu namna watu wa Uyole na Mbalizi watakavyorudi makwao Taifa Stars ikishinda, sijasikia neno.

Wiki chache zilizopita nilipita kwa yule mama saa 2 asubuhi, siku moja baada ya mechi. Kwenye ubao zilibaki funguo nne. Mwenye mmoja alikuwa amefika, amenyoa, ameketi mbele ya bakuli la supu, anaomba chake awahi kazini. Mama alimuuliza aliondoka saa ngapi. Akasema saa 8 usiku. Mama akaitazama saa ya ukutani, akamwongezea ndizi kwenye bakuli, akamwambia, "Panda daladala, mwanangu. Hiki utakifuata mchana."