Mungu Anakaa Wapi: Jengoni au Kati ya Watu?

Kanisa likianza ujenzi, andiko la kwanza kutolewa ni Hagai 1:4. Mzee wa kanisa anasimama wakati wa matangazo, bahasha za ahadi mkononi, anawauliza waumini kama ni haki wakae katika nyumba "zilizotiwa mapambo ya mbao" huku nyumba ya Bwana imebomoka. Watu wanatazama mabati yenye kutu juu ya vichwa vyao, na aliyemalizia dari ya gipsamu mwezi uliopita anainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Ibada ikiisha, nje chini ya mwembe, kijana mmoja anamjibu mzee kwa maneno ya mtume Paulo: Mungu hakai kwenye matofali, hekalu ni sisi, hizo fedha bora wasomeshwe yatima.

Mabishano haya nimeyasikia mara nyingi hata naweza kuyaendesha peke yangu, pande zote mbili. Kinachonisumbua ni kwamba mzee na kijana, kila mmoja, anayo hoja nzuri, ila andiko lake amelishika vibaya.

Tuanze na hema la ibada la Waisraeli jangwani. Kutoka 25:8 inasema: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao." Mungu hakusema "ndani yake." Anaagiza pajengwe mahali, kisha anasema atakaa kati ya watu. Kijana angeridhika hapo, lakini asifunge Biblia mapema. Kitabu hicho chenye sura 40 kimetumia kama 13 kati yake kueleza hema lile na vyombo vyake: mbao za mshita, mapazia 11 ya singa za mbuzi, ua wa dhiraa 100 kwa 50, hadi vifungo na vitako vya nguzo. Mungu asiyejali majengo asingehesabu vitako.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Hema lile kwa Kiebrania ni mishkan, na neno letu "maskani", lililotujia kwa Kiarabu, ni la ukoo huohuo. Sasa nenda Zanzibar ukaulize maskani iko wapi. Utaonyeshwa kibaraza, pengine benchi la mbao na bendera ya chama. Benchi lenyewe si maskani. Maskani ni wale wanaokaa pale kila jioni, wanabishana siasa na kunywa kahawa. Lakini ling'oe benchi uone kama kesho utawakuta.

Mfalme Sulemani alilijua tatizo hili siku ileile ya kuliweka wakfu hekalu la Yerusalemu. Alikuwa amejenga kwa miaka 7 (nyumba yake mwenyewe ilimchukua 13, jambo ambalo wahubiri wa ujenzi hulipita haraka), na katikati ya sala akajiuliza kama kweli Mungu atakaa duniani, maana mbingu za mbingu hazimtoshi, "sembuse nyumba hii niliyoijenga!" Baadaye watu walisahau swali hilo. Nabii Yeremia aliwakuta wakikariri "Hekalu la BWANA" mara tatu kama hirizi, huku wageni na wajane wakionewa. Mwaka 586 KK Wababeli walilichoma. Na kabla halijaanguka, nabii Ezekieli alikuwa ameuona utukufu wa Mungu kando ya mto Kebari, kule Babeli kwa mateka, kwenye nchi isiyo na hekalu.

Sasa nabii Hagai. Anaongea mwaka 520 KK na watu waliorudi toka Babeli, na ni kweli anawakaripia kwa kuacha ujenzi. Ila soma hadi mstari wa 13. Watu wametii, lakini bado hawajashika kazi, na Mungu anasema: "Mimi nipo pamoja nanyi." Anayewaambia waumini kwamba Mungu atashuka paa likikamilika hakulipata hilo kwa Hagai.

Kijana naye ana lake la kujibu. 1 Wakorintho 3:16: "Hamjui ya kuwa ninyi mmekuwa hekalu la Mungu." Kiingereza cha leo kinaweza kuficha, maana neno lao moja, "you", ni la mmoja na la wengi, Kiswahili hakifichi. Ni ninyi. Paulo anawaandikia watu waliogawanyika, huyu wa Paulo, yule wa Apolo, na anawaonya kwamba anayeliharibu hekalu ni yule anayelivunja kusanyiko. Hata sura ya 6, inayogusa mwili na uasherati, inasema "mwili wenu". Ukilitumia andiko la 3:16 kujibakiza nyumbani Jumapili na simu yako, umeligeuza kichwa chini. Na wale mitume waliojazwa Roho siku ya Pentekoste, Matendo 3 inatuonyesha Petro na Yohana wakipanda hekaluni kusali saa tisa.

Wakatoliki watasema Waprotestanti tunazunguka bure: kwao taa inayowaka karibu na tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia ekaristi, inamaanisha Kristo yupo pale, na wanasimama juu ya Yohana 1:14, Neno lililofanyika mwili, "akakaa kwetu". Kigiriki chake ni kupiga hema. Sikubaliani nao kuhusu tabernakulo, ila wako sahihi kwamba imani inayomkiri Mungu aliyetwaa mwili haiwezi kudharau mahali. Na "kwetu", kwa Mswahili, ni nyumbani.

Nikilazimishwa kupiga kura, hoja nampa kijana, kazi namwachia mzee. Mvua ikinyesha, hao "ninyi" wanahitaji paa. Ila paa tu. Marumaru zingojee yatima wamalize shule.

Kwa kamati yoyote ya ujenzi ningependekeza mstari mmoja usomwe kabla ya kufungua vitabu vya hesabu. Sanduku la agano liliwekewa mipiko ya kulibebea, na agizo lilikuwa isitolewe kamwe. Sulemani alipoliingiza kwenye chumba cha ndani, kilichofunikwa dhahabu pande zote, hakuitoa. 1 Wafalme 8:8 inasema mipiko ile ilikuwa mirefu hata ncha zake zikaonekana kutoka patakatifu.