Rejista ya kadi inakua kweli au inajihesabu yenyewe?

Nina kadi nne za Hasheem Thabeet kwenye droo, zile kadi zenye picha za wachezaji ambazo watu wanakusanya. Zote za msimu wake wa kwanza NBA, 2009-10, pale Memphis walipomchukua namba mbili kwenye drafti, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden, afu Curry akaja kuchukuliwa namba saba huko chini. Mtoto wa Dar, futi saba na inchi tatu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, we acha tu. Hizo kadi nilizipata kwa dola moja moja, mbili mbili, na moja muuzaji alinitupia kama nyongeza ya muuza nyanya maana hakuna anayeiulizia.

Kuzituma PSA zikapimwe ni dola ishirini na kitu kwa kadi moja, bado posta ya kwenda na kurudi. Yaani kitu cha dola mbili nakitengenezea nyumba ya dola ishirini. Ni uchizi, najua, lakini nimeshafunga hilo bahasha kichwani mara nyingi tu na sababu ni moja, rejista.

Kwa ambaye hajakutana nayo: PSA ni kampuni ya California, ilianza 1991, kazi yao ni kuangalia kadi ya mchezaji kama ni halali, kama kingo hazijakatwa, pembe zikoje, picha imekaa katikati au imeegemea upande, wanaipa gredi kuanzia 1 mpaka 10, wanaifungia kwenye plastiki ngumu ambayo watu wanaiita slabu, juu lebo na namba ya cheti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanzisha rejista ya seti, seti ikiwa ni orodha nzima ya kadi za toleo moja, au za mchezaji mmoja. Unaingiza namba za vyeti vyako, mfumo unazipanga, unakupa pointi, unakuweka kwenye msimamo kama wa ligi dhidi ya wengine wanaokusanya seti hiyohiyo, na kila mwaka kuna tuzo. Kujiandikisha ni bure. Tangu hapo hesabu ya seti inapanda tu, na kila ikipanda kuna kundi linashangilia kwamba hobi iko hai na kuna kundi linasema hili ni puto linasubiri sindano.

Mi naona makundi yote mawili yanabishania namba ambayo haijajengwa kushuka.

Fikiria inavyofanya kazi. Mtu akiuza kadi zake anaweza kuistaafisha seti, haifutiki, inabaki kwenye orodha ya seti bora za muda wote, na aliyenunua zile kadi anazisajili kwenye seti yake mwenyewe. Kadi zilezile, seti mbili. Pili, kadi moja inaweza kukaa sehemu kibao: Jordan wa Fleer 1986 (Fleer ni kampuni ya kuchapa kadi) anaingia kwenye seti ya Fleer ya mwaka huo, anaingia kwenye seti ya Jordan mwenyewe, anaingia kwenye seti za rookie, yaani kadi za msimu wa kwanza, za waliofika Hall of Fame, ukumbi wa magwiji, na zote zinasomeka kama seti hai. Tatu, aina za seti zenyewe zinaongezeka kwa sababu watu wanaomba zifunguliwe, mchezaji huyu, timu ile, rangi ile ya ukingo wa kadi. Kwa hiyo hata kama kesho hakuna mtu mpya hata mmoja anayeingia kwenye hobi, grafu itaenda juu. Kuitumia kama kipimo cha afya ni kama kupima wingi wa wateja wa baa kwa kuhesabu kreti zilizorundikana nje, zile za Krismasi ya mwaka juzi nazo zimo.

Ripoti ya idadi, ile watu wanaiita pop, inayosema kadi fulani ziko ngapi kwa kila gredi, ina ugonjwa wa ukoo uleule. Jamaa ana 9 anaona kabisa hii ni 10, anapasua slabu, anaituma tena, inarudi 9, anapasua tena. Asipozirudisha zile lebo za zamani ili zifutwe, kadi moja imeshakuwa tatu kwenye ripoti. Kwa kadi ambayo tofauti ya 9 na 10 ni bei ya gari, amini kuna watu wamefanya hivyo mpaka kidole kimeota sugu.

Lakini ngoja, nisiwe mchawi. Kuna vitu rejista imefanya ambavyo bila yenyewe sidhani kama vingekuwepo.

Kikubwa ni kwamba imeokoa ukusanyaji wa seti nzima. Gredi ilipokuja, hatari ilikuwa kila mtu akimbilie mastaa tu, Jordan wa kikapu, Mantle na Griffey wa besiboli, na yule mchezaji wa akiba aliyecheza misimu mitatu akaenda kuuza bima kadi yake iwe ya kuwashia moto. Rejista ikampa kazi, maana kila kadi kwenye seti inapewa uzito wake, kubwa kwa staa, ndogo kwa wa kawaida. Chukua seti ya kadi tatu tu tuelewane. Staa ana uzito 10, wawili wa kawaida wana uzito 1 kila mmoja. Staa wako ni gredi 8, wa kawaida mmoja 10, mwingine 9. Ukipiga wastani wa shule ya msingi unapata 9. Rejista inazidisha kwanza, 80 na 10 na 9 ni 99, inagawa kwa jumla ya uzito ambayo ni 12, inatoka 8.25. Sasa mtoe staa, nafasi yake ibaki tupu: 19 kwa 12, unabaki na 1.58. Ndo maana huwezi kudanganya kwa kujaza vya bei rahisi, ila pia huwezi kushinda kwa staa peke yake, maana pale juu wote wanaye staa, wanapishana kwenye wale akina nani sijui. Ule mfumo una akili, lazima tuseme.

Na ndiyo iliyowafundisha watu kadi zenyewe. Seti ya besiboli ya kampuni ya Topps ya 1971 ina kadi 752 zenye mpaka mweusi, na weusi hausamehi, ukiigusa pembe kidogo tu inatoka doa jeupe kama chaki kwenye sare ya shule, ukiiweka chini ya taa unaliona toka mita moja. Kabla ya watu kushindana kuijaza kwa gredi za juu nani alikuwa anajua ni wachezaji gani wa seti ile wasiopatikana safi? Leo kuna watu wanakutajia namba kwa namba, hii inakuja imeegemea kushoto, ile wino wake hafifu. Hiyo ni elimu, imekusanywa na watu wenye wazimu wa kushindana, lakini elimu ni elimu.

Hata hela imefuata mpangilio. Dmitri Young, aliyekuwa anacheza besiboli ligi kuu, alikusanya kadi za rookie zote gredi 10, akaja kuziuza 2012, zikaingiza zaidi ya dola milioni 2. Mkusanyiko wenye nidhamu ya namna hiyo, kila nafasi gredi moja, ni ile fikra ya rejista kabisa.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo moto unawaka.

Anayepima ndiye mwenye ligi. PSA inatoza kupima, na ligi inayokufanya utake kupimisha ni ya kwao, na kadi ya mpinzani haiingii. Ile Mantle ya Topps 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, kadi ghali kuliko zote mpaka siku ile, ilikuwa kwenye slabu ya SGC, mpinzani wao wa kupima, gredi 9.5. Kwenye rejista ya PSA ilikuwa sawa na haipo. Mwaka 2024 kampuni mama ya PSA ikainunua SGC yenyewe, nikacheka peke yangu. Kwa hiyo ukiona rejista imekua, jiulize, umekua ukusanyaji au umekua mkono wa kampuni moja? Vyote viwili, ila namba haikutenganishii.

Afu kuna bei za wachezaji wa kawaida. Watu wawili wanagombea nafasi ya kwanza kwenye seti ya miaka ya 60, wote wanakosa kadi ileile, iko moja tu gredi 9 duniani, inaingia mnadani. Inaondoka kwa maelfu. Mwezi unaofuata mtu mwingine anapekua boksi la babu yake, anapimisha tatu, mbili zinarudi 9, na yule wa pili kwenye mbio ameshachoka kaacha. Bei inadondoka na hakuna wa kumlaumu, maana uhaba ulikuwa wa slabu, kadi yenyewe haikuwahi kuwa adimu. Thabeet wangu ndo hivyo. Gredi 10 za kadi zake ni chache kwa sababu hakuna mwenye akili timamu aliyelipa dola ishirini kuzipima, wakati Curry wa Topps namba 321, wa msimu uleule, akiwa gredi 10 anakula maelfu ya dola huku kila mtu ameshampima.

Griffey Jr. wa kampuni ya Upper Deck, 1989, namba moja kwenye seti, ndo kinyume chake. PSA wameshazipima zaidi ya laki moja. Laki moja! Kadi ya moja ya brandi zilizochapa kama gazeti. Na bado 10 yake inauzwa vizuri, kwa sababu ya kile kijana kinavyotabasamu na kofia yake, hilo rejista haijui kulipimia uzito.

Namba za wazimu zaidi zilikuja 2021. Januari mwaka ule Jordan wawili wa Fleer, gredi 10 wote, waliuzwa mnada mmoja dola 738,000 kila mmoja, kadi ambayo gredi hiyo ziko mia tatu na kitu. Machi 30 PSA wakafunga huduma zao karibu zote kwa sababu mzigo uliwazidi, rais wao wa wakati ule alisema ndani ya siku tatu wamepokea kadi nyingi kuliko miezi mitatu ya nyuma. Mwaka uliofuata Jordan yuleyule alishaonekana akienda chini ya 200,000. Rejista iliuona mzigo ule kama neema, seti mpya kila siku. Ukisoma grafu yake peke yake huwezi kujua kwamba kuna watu walinunua kileleni na leo hawataki hata kufungua droo.

Na kuna la msingi kabisa ambalo watu hawapendi likumbushwe. Kadi ya kwanza kabisa PSA kuipima, cheti namba moja, ni ile ya mchezaji besiboli Honus Wagner, ya T206, seti ya zamani ya kadi za pakiti za sigara, aliyoinunua staa wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000 mwaka 1991. Ikapewa gredi 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuwa nayo, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Nyumba nzima ya gredi imeanzia tofali hilo. Sisemi gredi zote ni uongo, zimewaokoa wanunuzi wengi na kadi feki, nasema tu pointi za msimamo zinatoka kwenye jicho la mtu, jicho ambalo lina siku zake.

Huwa namkumbuka Jefferson Burdick, yule aliyepanga kadi za Marekani mpaka leo tunasema T206, ile T na ile namba ni za kwake. Alikuwa na vipande zaidi ya laki tatu, akavipeleka jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, akakaa miaka anavibandika kwenye albamu. Kwa gundi! Kwa gredi za leo angepata aibu tupu. Akamaliza mwanzoni mwa 1963 na mwaka huohuo akafariki. Hakuna ukuaji wa rejista utakaompita yule mzee.

Kwa hiyo nikiulizwa nifuatilie nini, idadi ya seti naiacha. Natazama asilimia ya ujazo kwenye seti ndefu za zamani, zile za kadi mia tano, mia saba, maana hizo huingii kwa mihemko ya mwezi mmoja. Natazama wangapi walioanzisha seti wameongeza kadi ndani ya mwaka, kuliko wangapi wamefungua. Na naweka pembeni Pokémon, ambayo siku hizi inachukua sehemu kubwa ya mzigo wa PSA, mwaka 2024 walipima kadi zaidi ya milioni 15 na ukiziita zote kadi za michezo unajidanganya mchana kweupe. Kwa vipimo hivyo nadhani ukuaji upo, ila mwembamba kuliko grafu, na umebebwa na watu wachache wanaong'ang'ania seti moja miaka kumi.

Hao ndo wanaonitia kishawishi na Thabeet wangu. Moja ya zile nne niliifuta kwa kitambaa cha miwani nikidhani naisafisha, ukiiinamisha kwenye taa unaona mikwaruzo kama nywele, hiyo 10 tena basi. Tatu zilizobaki ni safi. Nikizituma, nikaomba seti yake ifunguliwe, hesabu itapanda kwa moja na nitakuwa kinara wa msimamo bila mpinzani. Nasubiri bei ya bulk, ile ya kutuma kadi nyingi kwa mpigo, ishuke kidogo.